Maganda yanayopasuka kwenye bastola ya .38: uchambuzi wa kisa cha Mufindi

Bastola iliyoletwa kwa fundi ni ya silinda, yenye chemba sita na mtutu wa inchi 5, ya mkulima wa chai na miti upande wa Mufindi, Tanzania. Ilikuwa ya marehemu baba yake. Baada ya msiba familia iliikabidhi polisi, mtoto akaomba leseni kwa jina lake na akapewa. Hapo alifanya sawasawa. Leseni ni ya mtu aliyepewa, hairithiwi pamoja na shamba na ng'ombe, na mrithi anayebaki na silaha ndani wakati mwenye leseni ameshazikwa anakuwa na silaha isiyo na kibali, hata kama nia yake ni njema kabisa.

Malalamiko yake yalikuwa manne. Kwanza, baada ya kufyatua risasi sita maganda yanang'ang'ania ndani ya silinda, mpaka fimbo ya kuyasukuma igongwe kwa kipande cha ubao. Pili, katika kila sita, moja au mawili hutoka yamepasuka kwa urefu. Tatu, kwa umbali wa mita 15 matundu kwenye karatasi ya shabaha hayakai pamoja, na mengine yana umbo la risasi iliyopiga kiubavu. Nne, asubuhi za Juni na Julai kifyatulio kinakuwa kizito na nyundo inarudi kwa kusitasita.

Yeye alishaamua kwamba ameuziwa risasi mbovu. Akabadilisha, akanunua boksi la kampuni nyingine kwa muuzaji mwenye kibali, mambo yakawa yaleyale. Hapo ndipo mpwa wake alipotoa wazo: "Mjomba, tusitupe maganda. Tutafute mtu atujazie upya, baruti kidogo kidogo, hayatapasuka." Wazo hilo ndilo lililofanya kisa hiki kistahili kuandikwa kirefu, maana lingeleta madhara makubwa kuliko tatizo lenyewe.

Risasi za viwanda viwili tofauti zikileta kasoro ileile, shuku silaha. Kiwanda kimoja kinaweza kutoa shaba iliyokauka kupita kiasi, kikapasua maganda boksi zima. Viwanda viwili kukosea kwa namna moja, na kosa lionekane kwenye bastola moja tu, ni jambo la nadra mno.

Ganda lililowekwa mezani

Kabla ya kugusa silaha, fundi aliomba maganda yaliyokwishatumika. Aliletewa kumi na mawili kwenye mfuko wa plastiki. Moja lililokuwa zima lilisimamishwa juu ya kioo, karibu na dirisha. Ganda la .38 Special, aina ya risasi aliyokuwa akinunua, likifyatuliwa kwenye chemba yake halali hutoka limenyooka, kipenyo karibu kilekile kuanzia juu ya ukingo wa kitako hadi mdomoni. Hili lilikuwa na tumbo. Kutoka kwenye ukingo hadi takriban milimita 19 kwenda juu lilikuwa nene, halafu ukaonekana mstari mwembamba unaozunguka, na kutoka hapo kwenda mdomoni likawa jembamba. Ukipitisha ukucha kutoka chini kwenda juu unausikia mstari huo ukikwama.

Kalipa, kifaa cha kupimia vipenyo, ilisoma mm 9.85 kwenye tumbo na mm 9.67 karibu na mdomo. Ganda jipya la .38 Special lina kipenyo cha juu kabisa cha inchi 0.379, yaani mm 9.63. Kwa hiyo sehemu ya nyuma ilitanuka zaidi ya mm 0.2, na nyufa zote zilikuwa kwenye tumbo hilo. Hakuna hata moja iliyoanzia mdomoni, mahali ambapo shaba iliyochoka kwa kubanwa na kutanuliwa huanza kufunguka.

Hiyo tofauti ya mahali ufa ulipoanzia ina maana kubwa. Ufa wa mdomoni ni habari ya ganda. Ufa wa tumboni, ukiambatana na mstari wa kuzunguka, ni habari ya chemba, kwa sababu shaba inapopata joto na mgandamizo hujaza nafasi yoyote iliyoachiwa. Ganda likitoka na vipenyo viwili, chemba ina vipenyo viwili.

Bastola yenyewe

Utaratibu wa kuipokea silaha ya silinda haubadiliki hata kama mwenyewe ameapa kwamba haina kitu. Mtutu unaelekezwa upande salama, kidole kinakaa nje ya kifyatulio, kitufe cha kushoto kinasukumwa mbele, silinda inafunguliwa, fimbo inasukumwa hadi mwisho, kisha chemba zinahesabiwa moja moja kwa macho na kwa kidole. Risasi hazikai kwenye meza ya kazi. Zinawekwa chumba kingine.

Baada ya hapo vilisomwa vyuma. Rangi ya kijivu iliyofifia, vishikio vya mbao laini visivyochongwa michirizi, pete ya kamba chini ya kitako, na namba inayoanza na herufi V. Hii ni Smith & Wesson ya wakati wa Vita Kuu ya Pili, ile inayoitwa Victory. Zaidi ya laki tano za aina hii zilitengenezwa Marekani kwa ajili ya majeshi ya Uingereza na nchi za himaya yake, na si ajabu kuzikuta katika nchi zilizokuwa chini ya Waingereza. Zile za Marekani wenyewe zilitumia .38 Special. Zile za Waingereza zilitengenezwa kwa risasi nyingine kabisa, .38/200, ambayo kwa vipimo ni .38 S&W.

Kwenye mtutu kulikuwa na mihuri midogo ya nyumba ya majaribio ya silaha ya Birmingham, Uingereza: taji, herufi BNP, halafu ".38 .767"" na "3½ TONS". Hiyo .767 ni urefu wa ganda kwa inchi, yaani mm 19.5, na tani tatu na nusu kwa inchi ya mraba ndio mgandamizo ambao silaha ilithibitishwa kuubeba, kwa kipimo cha Waingereza cha wakati huo. Yaani bastola imeandikwa mwilini chakula chake, na chakula hicho si .38 Special.

Sasa rudi kwenye ganda. Mstari wa kuzunguka ulikuwa mm 19 na kidogo kutoka kwenye ukingo. Ni palepale ilipoishia chemba ya mwanzo.

Risasi hizi mbili zinatofautiana hivi. Ganda la .38 S&W ni fupi na nene: urefu wa inchi 0.775, karibu mm 19.7, na kipenyo cha inchi 0.386, yaani mm 9.8. Ganda la .38 Special ni refu na jembamba: inchi 1.155, yaani mm 29.3, kwa kipenyo cha mm 9.63. Vichwa vya risasi navyo vinapishana. Cha .38 S&W ni inchi 0.361, cha .38 Special ni 0.357 au 0.358. Kwenye Victory ya Uingereza ambayo haijaguswa, ukitumbukiza ganda la .38 Special litaingia likichezacheza, kisha ligonge bega la ndani, pale chemba inapokuwa nyembamba, na kubaki limechomoza karibu mm 9. Silinda haiwezi kufungwa. Bega hilo ndilo linalolinda silaha isilishwe risasi isiyo yake.

Kwenye bastola hii ganda liliingia lote. Bega halikuwepo. Mtu alipitisha kekee na kuchimba chemba zote sita ziwe ndefu, ili .38 Special iingie. Baada ya vita zilipouzwa kwa raia, Victory nyingi zilifanyiwa hivi, kwa kuwa .38 Special ilipatikana kila duka na .38/200 ilikuwa ngumu kupata. Mchimbaji alirefusha upande wa mbele kwa kipenyo cha .38 Special, lakini upande wa nyuma ulibaki mpana kama ulivyozaliwa. Chuma kilichokwishatolewa hakirudishwi kwa kekee.

Kipimo cha haraka ambacho fundi yeyote anaweza kufanya ni hiki: chukua ganda tupu la .38 Special lililotoka kwenye bastola nyingine iliyo nzima, lisukume chemba baada ya chemba na ulitikise kwa ncha ya kidole. Kwenye chemba halali linakaa, lina mchezo mdogo usioonekana kwa macho. Hapa kitako kilitikisika kushoto kulia, na kwenye mwanga ilionekana nafasi yenye umbo la mwezi mwandamo kati ya ganda na ukuta. Chemba zote sita zilikuwa sawa kwa kasoro hiyo.

Kila lalamiko na sababu yake

Maganda kung'ang'ania: ganda linapotanuka nyuma kwa mm 0.2 linapita uwezo wake wa kurudi. Shaba hunywea kidogo mgandamizo unapoisha, na ndiyo maana maganda ya kawaida hutoka kwa kusukumwa na kiganja. Ikinyooshwa kupita kiasi hainywei vya kutosha, inabaki imeshika ukuta. Kuna nyongeza: pale kekee ilipoishia pameachwa ukingo mkali ndani ya chemba, nao unaacha ule mstari na kulishika ganda linapotoka.

Kupasuka ni mwendelezo wa hilohilo. Ganda lililo laini linatanuka, lililo kavu linafunguka. Linapofunguka gesi hupita nyuma, pembeni ya ukingo. Mwenye silaha alisema mara mbili alihisi kitu kama mchanga kikimpiga shavuni. Zilikuwa chembe za baruti isiyoungua. Alikuwa na bahati ya kuvaa miwani yake ya kusomea, ingawa miwani ya kusomea si kinga. Inayofaa ni ya kazi, inayofunika hadi pembeni.

Kuhusu shabaha, mtutu ulisafishwa, kipande cha plumbu laini (madini ya risasi) kilisukumwa taratibu kwa fimbo ya mbao kutoka mdomoni hadi nyuma, kisha kikapimwa. Kilisoma mm 9.17, sawa na inchi 0.361. Kichwa cha .38 Special ni mm 9.07 hadi 9.09. Kinapita ndani ya mtutu bila kushika sawasawa michirizi ya ndani inayokizungusha, gesi inakipita pembeni, plumbu inayeyuka na kubandika kwenye chuma, na kichwa kinatoka bila mzunguko wa kutosha. Risasi isiyozunguka vizuri inayumba, na ndipo matundu ya kiubavu yanapotokea. Kwenye koo la mtutu, sehemu pana inayopokea kichwa kutoka silinda, kulikuwa na tabaka la plumbu lililotoka kwa vipande vya kijivu kama maganda ya rangi ya ukuta.

Mambo mengine yanayofanana na haya yaliondolewa moja moja, kwa sababu silinda ngumu ina sababu nyingi na ni rahisi kukimbilia ile uliyoipata kwanza. Fimbo ya kutolea maganda ikilegea hurefuka na kuzuia silinda isifunguke. Hii ilikuwa imekaza. Anayetaka kuikaza ajue kwamba Smith & Wesson za wakati huo zina uzi wa kawaida wa kulia, na kwamba kampuni ilibadilisha kuwa uzi wa kushoto karibu na mwaka 1960, kwa sababu silinda zao huzunguka kwenda kushoto ukizitazama kwa nyuma na uzi wa kulia ulikuwa unajifungua wenyewe. Ukikosea upande unaikata. Na kabla ya kuikaza, tumbukiza maganda matupu kwenye chemba ili nyota ya kutolea, kile chuma kinachosukuma maganda nje, ishikwe isipinde pini zake. Uchafu chini ya nyota ulikuwepo, punje za baruti, ukasafishwa kwa mswaki mkavu. Fataki (kidonge cha kwenye kitako cha risasi kinachowasha baruti) zikichomoza hugusa ukuta wa nyuma na kukwamisha mzunguko, lakini kwenye risasi zilizobaki fataki zote zilikuwa ndani kidogo ya uso wa kitako, kama inavyotakiwa. Mwanya kati ya silinda na mtutu ulipimwa kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mianya, ukawa mm 0.20, ndani ya kiwango cha kawaida cha 0.10 hadi 0.25. Silinda kwenda mbele na nyuma ilicheza mm 0.05, ambayo inakubalika.

Yaani kimakanika bastola ilikuwa nzima. Ilikuwa imechimbwa tu.

Grisi na baridi

Lalamiko la nne lilikuwa na chanzo tofauti, na kwa maoni yetu ndilo lililokuwa la hatari zaidi kuliko yote, ingawa mwenyewe alilitaja mwishoni.

Bamba la pembeni la Victory linashikwa na skrubu nne. Kila moja inawekwa mahali pake kwenye karatasi iliyochorwa umbo la bastola, maana hazifanani, na ile ya mbele ndiyo inayoshikilia mkono wa silinda. Bisibisi lazima ijae kwenye mfereji wa skrubu. Ile ya kawaida yenye ncha ya kabari hupanda na kung'oa kingo. Skrubu zikishatoka, bamba halichokonolewi kwa ncha ya kitu chochote. Shika bastola bamba likiwa juu, gonga shina la kishikio kwa mpini wa nyundo wa mbao, polepole, nalo litapanda lenyewe.

Ndani kulikuwa na grisi ya zamani iliyogeuka kuwa nta ya rangi ya asali iliyoungua. Ilijaa kwenye springi, kwenye kiungo cha nyundo, na, jambo lililotisha, kwenye kizuizi cha nyundo. Kwenye Victory za mwanzo kizuizi hicho ni ulimi mwembamba wa chuma cha springi uliopachikwa kwenye bamba la pembeni. Kazi yake ni kukaa kati ya nyundo na fremu, ili bastola ikianguka na nyundo ikagongwa, pini isifike kwenye fataki. Kidole cha chuma cha ndani kinachozungusha silinda ndicho kinachousukuma kando wakati wa kufyatua, na springi yake yenyewe ndiyo inayourudisha. Grisi ikiganda, ulimi unabaki umebanduliwa kando, haurudi. Hapa ulikuwa umeganda hivyo. Ulilazimika kuloweshwa ndipo ukatikisika.

Hili limeshaua mtu. Mwaka 1944 baharia wa Jeshi la Maji la Marekani alikufa baada ya bastola ya aina hii kuanguka kwenye sitaha ya chuma na kufyatuka, na uchunguzi ukaonyesha kwamba mafuta mazito ya kuhifadhia yaliyokauka yalikuwa yamekishika kizuizi. Kampuni ikatengeneza kizuizi kipya kinachosukumwa kwa nguvu na mwendo wa kifyatulio badala ya kutegemea springi nyembamba. Bastola zilizotoka kiwandani na kizuizi hicho zilianza kupewa namba zenye SV. Hii ya Mufindi ina V peke yake.

Kwa hiyo kanuni ya silaha hii ni risasi tano, si sita. Nyundo inakaa juu ya chemba tupu, hata baada ya kusafishwa, hata kama kizuizi kinafanya kazi. Mkulima anayepanda pikipiki kwenye barabara ya utelezi ya mashamba ya chai hana sababu ya kubeba ya sita.

Usafishaji ulikwenda hivi. Vyuma vya ndani vilioshwa kwa mafuta ya taa na brashi ya nailoni, vikafutwa, vikaachwa vikauke kabisa sehemu yenye hewa. Kisha tone moja la mafuta mepesi ya mashine, yale ya cherehani yanafaa, kwenye kila kiungo kinachozunguka: pini ya nyundo, pini ya kifyatulio, mkono wa silinda. Basi. Mafuta ya kupikia ndiyo yanayogeuka gundi haraka kuliko yote. Grisi ya magari ni nzito mno kwa nyuzi za joto za Mufindi, Njombe na Makete. Asubuhi yenye ukungu inaifanya iwe kama sabuni, nyundo inashuka polepole, fataki inagongwa kidogo, risasi haiwaki.

Hapo tuseme jambo moja kwa wanaopenda kulegeza kifyatulio. Mbele ya shina la kishikio kuna skrubu inayokandamiza springi kuu. Hukazwa hadi mwisho. Kuilegeza kidogo kunafanya kifyatulio kiwe laini kweli, na kunapunguza pigo la nyundo. Kwenye bastola hii ilikuwa imerudishwa mizunguko karibu miwili, bila shaka na mtu aliyehangaika na uzito wa grisi. Dawa ilikuwa kuondoa grisi.

Kutu ilionekana kwenye mstari mmoja upande wa kulia wa mtutu na silinda, upande unaogusa ngozi ya ala. Bastola ilikuwa ikilala ndani ya ala. Ngozi hunyonya unyevu na inabaki na mabaki ya dawa za kulainishia, na kwenye nyanda zenye ukungu kama huku hufanya kazi hiyo mwaka mzima. Risasi zilizokaa kwenye vitanzi vya mkanda zilikuwa na ukoga wa kijani kwenye shaba. Ala ni ya kubebea. Ya kulazia ni kitambaa cha pamba chenye mafuta kidogo, ndani ya sefu iliyofungiwa ukutani, na risasi sehemu yake. Ukitoka nje kwenye baridi ukaingia chumba chenye jiko la mkaa, chuma kitatoa jasho. Iache ipate joto la chumba kwanza, ndipo uifute na kuihifadhi.

Wazo la kujaza maganda upya

Hoja ya mpwa inasikika ya busara: baruti ikipungua, mgandamizo unapungua, ganda halipasuki. Ina makosa matatu, na la kwanza ni la kisheria. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kutengeneza risasi kunahitaji leseni, na kujaza ganda ni kutengeneza risasi. Mtu wa mtaani anayefanya hivyo chumbani kwake anavunja sheria, na anayempelekea maganda anashirikiana naye.

Kosa la pili ni la shaba. Ili ganda lililotumika lipokee kichwa kingine, lazima lipitishwe kwenye dai, yaani kalibu ya chuma, inayolibana lirudi kwenye kipenyo chake. Katika silaha nzima ya .38 Special ganda hutanuka kidogo na kubanwa kidogo, na hivyo huweza kujazwa mara kumi na zaidi kabla ya mdomo kufunguka. Katika chemba iliyochimbwa linatanuka mm 0.2 na kubanwa mm 0.2. Shaba hukauka kila inapopindwa. Lililopona mara ya kwanza ndilo litakalopasuka mara ya pili. Kulainisha kwa moto hakusaidii, kwa kuwa tumbo liko karibu na kitako, na kitako kikilainishwa fataki haishikwi tena na ganda halina nguvu ya kuzuia gesi kurudi nyuma. Tena dai haifiki hadi chini kabisa, maana ukingo umeshikwa na kishikizo, hivyo unabaki mkanda mnene juu ya ukingo ambao utafanya risasi igome kuingia kwenye bastola nyingine yoyote.

La tatu ndilo linaloharibu mitutu. Baruti ikipunguzwa holela, kichwa kinaweza kutoka kwenye ganda na kuishia katikati ya mtutu. Mlio unakuwa dhaifu, kama mlango uliofungwa mbali. Mwenye papara anavuta tena, kichwa cha pili kinakutana na cha kwanza, mtutu unavimba au kupasuka. Hatari hiyo inakuwa kubwa zaidi kwenye mtutu mpana kuliko kichwa, kwa kuwa gesi inavuja pembeni na nguvu ya kusukuma inapotea. Mlio ukiwa dhaifu, simama. Mtutu uelekee salama kwa nusu dakika, fungua silinda, toa vyote, kisha angalia mwanga kupitia mtutu kutoka upande wa nyuma, silinda ikiwa wazi. Usipoona mwanga, silaha hiyo imemaliza kazi ya siku.

Risasi zenye nguvu zaidi, zile zilizoandikwa +P, hazifai kabisa hapa. Kiwango cha kawaida cha mgandamizo wa .38 Special ni psi (paundi kwa inchi ya mraba) 17,000, +P ni 20,000, na .38 S&W ni 14,500. Fremu ya Victory ni ileile iliyobeba .38 Special kwa Wamarekani, kwa hiyo risasi ya kawaida haitaivunja mara moja. Hilo lisichukuliwe kuwa ruhusa. Webley na Enfield za .38, zile zinazovunjika katikati kwa bawaba, ni habari nyingine kabisa: latchi yake, yaani komeo, haikuumbwa kwa .38 Special, na iliyochimbwa isifyatuliwe hata mara moja.

Lililoamuliwa

Kuweka bushi, yaani bomba jembamba la chuma, ndani ya kila chemba na kuichimba upya kunawezekana kwenye karakana yenye mashine za uhakika na leseni ya kazi hiyo. Hata hivyo mtutu ungebaki mpana, na kuubadilisha kungegharimu kuliko bastola yenyewe. Silinda nyingine ya .38 S&W ingehitaji kulinganishwa na fremu, chemba kwa chemba, kwa sababu kila silinda iliunganishwa na fremu yake kiwandani.

Njia rahisi kimakanika ni kurudi kwenye .38 S&W. Upande wa nyuma wa chemba bado ni wake, ukingo wa ganda unakaa mahali pake, kichwa cha 0.361 kinalingana na mtutu. Bega limeondoka, kwa hiyo kichwa kinaruka nafasi tupu kabla ya kufika kwenye koo la silinda na shabaha haitakuwa kali kama zamani, lakini maganda hayatapasuka. Tatizo ni kuzipata. Muuzaji anaagiza kinachouzwa, nayo .38 S&W ni risasi ya bastola za kale.

Kuna la makaratasi pia. Kwenye leseni kaliba iliandikwa ".38" tu, na kwa maandishi hayo muuzaji alitoa .38 Special bila kusita, kwa sababu ndiyo iliyo kwenye rafu. Fundi aliandika ripoti ya ukurasa mmoja: namba ya silaha, mihuri ya mtutu, vipimo vya chemba na ganda, maelezo kwamba chemba zimechimbwa, na pendekezo kwamba isitumike na .38 Special. Nakala moja ilibaki kwa fundi, moja kwa mwenyewe, na moja aliipeleka polisi wilaya pamoja na leseni ili kumbukumbu irekebishwe.

Mwenye silaha aliamua kuisalimisha na kuomba kibali cha nyingine iliyotoka kiwandani ikiwa .38 Special. Aliuliza kama asubiri mpaka kibali kipya kitoke ndipo aitoe ya zamani. Alishauriwa aitoe kwanza. Risasi ishirini na nane zilizobaki zilikwenda polisi siku hiyohiyo na bastola, kwenye chombo chake peke yake, kwa orodha iliyosainiwa pande zote mbili. Maganda yenye tumbo yalibanwa midomo kwa koleo yasijazike tena, yakahesabiwa, yakaingizwa kwenye orodha hiyohiyo.